Goti Lililokakamaa Halifunguliwi kwa Mabavu

Katika mtaa wa Mutanga Nord, mahali ambapo mji wa Bujumbura huanza kuliacha ziwa na kupanda kuelekea vilima vya mashariki, mtu aliyeondolewa plasta ya mguu aghalabu huona kwamba mfupa umeunga, ilhali goti limekataa kukunjika. Jamaa zake, kwa mapenzi wala si kwa ubaya, humlaza juu ya mkeka, mmoja akamshika paja na mwingine akalikunja goti kwa nguvu hata machozi yakamtoka. Kesho yake goti limevimba, na ukakamavu umezidi. Nimeliona jambo hili zaidi ya mara moja, na kila mara limenihuzunisha.

Sababu imo katika umbo la kiungo chenyewe. Mfupa mmoja huviringika juu ya mwenziwe na papo hapo huteleza, masafa ya milimita chache tu, ndani ya mfuko wenye ute. Mfuko huo ukinywea kwa majuma mengi ya kutulia, mtelezo hupotea. Na anayelazimisha mkunjo kabla ya kuurejesha mtelezo huibana mifupa upande mmoja na kuuumiza mfuko upande wa pili. Basi mtaalamu wa viungo, ambaye watu wa Bujumbura, kwa kufuata Kifaransa, humwita kine, huliweka goti katika mkunjo wa nyuzi 25 hivi, ambapo mfuko umelegea, kisha akausukuma muundi nyuma taratibu ikiwa atakacho ni kukunja, au mbele ikiwa ni kunyoosha.

Juu ya upande wa kusukuma, Freddy Kaltenborn, mtaalamu wa viungo wa Norway, alifundisha kwamba mfupa wenye uso uliobonyea, kama muundi gotini, huteleza upande ule ule uendako mguu, na wenye kichwa cha mviringo, kama mfupa wa mkono begani, huteleza kinyume, hata mkono ukiinuka kichwa chake hushuka. Vipimo vya watu hai vimeonyesha kwamba bega halitii kanuni hii kila mara. Nami naiona kuwa dira njema, maadamu haikufanywa sheria.

Juu ya kiasi cha kusukuma, Geoffrey Maitland, mtaalamu wa viungo wa Australia, aliyechapisha mwaka 1964 kitabu juu ya uti wa mgongo na mwaka 1970 kingine juu ya viungo vya mikono na miguu, aliugawa mwendo wa mkono wa tabibu katika daraja 4. Ya kwanza ni mitikiso midogo mwanzoni mwa mwendo, na ya pili ni mipana isiyogusa mwisho wake: hizi ni za kutuliza maumivu. Ya tatu ni mipana ifikayo kwenye kizuizi, na ya nne ni midogo papo hapo kwenye kizuizi: hizi hulegeza ukakamavu. Lakini jambo lake kubwa kwangu ni kwamba alimtaka tabibu apime kabla na baada ya kila tendo, ili mgonjwa mwenyewe awe shahidi.

Hata hivyo, kiungo chenye usaha, saratani, kifua kikuu kilichoingia mfupani, au mfupa usiounga barabara, hakiguswi kwa namna hii kabisa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgonjwa wako akirudi nyumbani na goti gumu, mpeleke kwanza kwa kine, nawe umwombe akufundishe mazoezi ya kila siku, kwa kuwa mwendo uliopatikana mezani pake usipotumiwa hupotea tena.