Mechi ya Saa Nane Usiku

Yankees wakicheza nyumbani New York saa 1:05 jioni, huku Bagamoyo ni saa 8:05 usiku. Dodgers wakiwa kwao Los Angeles, mpira wa kwanza hurushwa saa 11:10 alfajiri, adhana zikiwa zinapokezana kutoka msikiti hadi msikiti. Wajapani ndio wenye huruma. Mechi yao ya saa 12 jioni kule Tokyo hutufikia saa 6 mchana, ukisubiri wali uive. Shabiki wa besiboli anayeishi pwani hii huzijua saa hizo kama mvuvi anavyojua bamvua na maji mafu.

Timu moja ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku, na hapo mtoano bado. Mwenye kazi na familia hawezi kukesha zote. Unachagua. Ukisikia leo anarusha fulani, unalala mapema baada ya Isha, unaweka simu chini ya mto ili kengele isiamshe nyumba nzima, unajiunga bando la usiku kwa sababu ni nafuu, unaomba umeme usikatike. Mwaka 2025 msimu ulifunguliwa Tokyo, Machi 18, Dodgers na Cubs. Ilikuwa Ramadhani, saa 7 mchana, na kwa muda ule kiu ilisahaulika. Marekani kwenyewe walipoanza, Machi 27, mfungo ulikuwa unaelekea ukingoni, na mechi zao za jioni zilikuwa zimefika katikati tulipoamka kula daku. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo kalenda hizi mbili hukutana vizuri hivyo.

Kwa hiyo umbali hauninyimi picha. Simu inaleta picha. Umbali unaninyima watu.

Anayeishabikia Simba hapa mjini haulizwi Simba ni nini. Ikifungwa Jumamosi kwa Mkapa, Jumapili asubuhi ataisikia stendi, ataisikia sokoni, na atamkuta shemeji yake wa Yanga amemsubiri mlangoni na jezi ya njano. Hata Arsenal na Manchester United, timu za nchi ya mbali, zina vibanda umiza vyao na wanazi wao wanaokosana na kupatana kila wiki. Shabiki wa besiboli hushinda peke yake na kufungwa peke yake. Asubuhi anatoka macho mekundu, watu wanadhani ameuguza mtoto. Hana wa kumtania, na hilo ndilo zito zaidi, maana ushabiki bila utani haujakamilika.

Mchezo huu niliukuta Dar es Salaam, Upanga, Shule ya Sekondari Azania. Hapo ndipo ulipofunguliwa mwaka 2018 uwanja wa kwanza wa besiboli nchini, kwa msaada wa Wajapani, ukapewa jina la Koshien. Nyuma ya kazi hiyo alikuwapo Shinya Tomonari, wakati huo mtu wa shirika la Kijapani la JICA, aliyewahi kuinoa timu ya taifa ya Ghana miaka ya 1990 kabla ya kuletwa Tanzania na kuanza upya na vijana ambao hawakuwahi kuona glovu. Leo shule zinakutana katika mashindano yanayoitwa Tanzania Koshien, wavulana kwenye besiboli na wasichana kwenye softiboli.

Koshien ya Wajapani yenyewe ni uwanja karibu na Osaka, umejengwa mwaka 1924, na mashindano ya shule za sekondari yanayochezwa pale yalianza 1915. Timu ya vijana inayotolewa huchota udongo wa uwanja ule na kuutia mfukoni kwenda nao nyumbani, wengi wao wakilia. Kilichonivuta mimi Upanga kilikuwa kidogo zaidi. Vijana wa Azania, kabla ya kuingia uwanjani, walivua kofia, wakapanga mstari na kuuinamia uwanja. Sijaona timu yetu yoyote ya mpira wa miguu ikiusalimia uwanja. Nilikaa hadi mwisho, na sikuelewa nusu ya niliyoyaona.

Nilipohamia Bagamoyo kufundisha, nilikuja na mchezo bila mtu wa kuuzungumza naye. Palipo na kijiwe cha kahawa, hata hivyo, mtu hakai na habari tumboni. Chetu kiko karibu na soko la samaki, na wazee wake ni watu wa bahari: nahodha mstaafu wa jahazi, fundi wa mitumbwi, dalali wa mnada wa samaki. Nilianza kwa kumjibu nahodha alipouliza kwa nini nasinzia na kikombe mkononi. Nikamweleza kuna Mjapani, Shohei Ohtani, anarusha na pia anapiga, jambo ambalo wachezaji wa kulipwa walishaacha kulifanya kwa vizazi. Nikamweleza mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Nikamweleza kwamba mpigaji akifika besi ya kwanza anaruhusiwa kuiba ya pili, mchana kweupe, mrushaji akigeuza macho.

"Kuiba kumeandikwa kwenye sheria?" akauliza.

"Kumeandikwa, mzee."

Akaagiza kahawa nyingine. Mwaka 2024, Ohtani alipovusha mpira nje ya ukuta mara 54 na kuiba besi 59 katika msimu mmoja, mtu wa kwanza katika historia kufikisha 50 kwa yote mawili, kijiwe kizima kilikuwa kinahesabu. Swali la asubuhi likawa moja: "Mwalimu, yule Mjapani wako jana kavusha?" Na hawakuwa wameona mechi hata moja.

Nimefikiri sana kwa nini inawezekana. Mpira wa miguu ni mgumu kuusimulia kwa sababu hautulii; pasi inazaa pasi, na goli likiingia huwezi kusema lilianzia wapi. Besiboli inasimama kila baada ya mrusho. Kila tukio linajitegemea na linaandikika: nani alirusha, nani alipiga, nani alidaka. Katika karne ya 19 mwandishi wa magazeti wa New York, Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, alitengeneza jedwali la kuifupisha mechi nzima kwenye safu chache za gazeti, na ndiye anayetajwa kuleta herufi K kwa mpigaji aliyeshindwa mara tatu. Jedwali lile ndilo ninalolisoma kwenye simu saa 12 asubuhi, siku nisizokesha. Ndani ya dakika tano naijua mechi ya saa tatu, mpaka nani alichoka na raundi gani. Mchezo huu ulijiandaa kusafiri kabla ya redio kuwapo.

Redio ilipokuja ikaupata tayari. Vin Scully aliitangaza timu ya Dodgers kwa misimu 67, kuanzia 1950 ikiwa bado Brooklyn hadi 2016. Timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958, watu walikwenda uwanjani na redio zao ndogo ili wamsikie yeye akieleza wanachokiona kwa macho yao. Habari hii wazee wa kijiwe waliielewa bila kufafanuliwa. Na wao waliujua mpira kwa masikio, kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, redio moja imewekwa dirishani na mtaa mzima umekaa barazani. Mchezaji waliyempenda, wengi hawakuwahi kumwona sura. Walimpenda kwa jinsi jina lake lilivyotamkwa.

Basi ikaja usiku wa kuamkia Oktoba 28, 2025. Fainali, mechi ya tatu, Dodgers na Toronto Blue Jays. Ilianza saa 9 usiku kwa saa zetu. Adhana ya alfajiri ikaita, nikaenda kuswali, nikarudi, bado wanacheza. Jua likachomoza, bado. Raundi za kawaida ni 9, nazo ziliisha wako 5 kwa 5. Sikuweza kukaa tena ndani. Nilichukua simu nikaenda nayo kijiweni, tukaiegemeza kwenye sanduku la kashata, na wazee wale waliokuwa wakiisikia besiboli kwangu tu wakaiona kwa mara ya kwanza, ikiwa raundi ya kumi na ngapi huko.

Hawakuhitaji maelezo mengi. Ohtani alikuwa amefika besi mara tisa usiku ule; alivusha mara mbili, kisha Toronto wakaamua kutompa tena mpira wa kupiga, wakawa wanampeleka besi ya kwanza kwa hiari yao. "Wanamwogopa," nahodha akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Dodgers walimaliza warushaji wao mpaka akabaki Will Klein, kijana ambaye hata Wamarekani wengi hawakuwa wakimjua, akarusha raundi 4 za mwisho bila kuruhusu hata pointi. Bando liliisha, dalali akatoa buku. Wanunuzi wa samaki wakapita, wakauliza, wakabaki wamesimama. Saa 4 kasoro dakika 10 asubuhi, raundi ya 18, Freddie Freeman wa Dodgers akavusha mpira juu ya ukuta wa katikati na mechi ikaisha 6 kwa 5, baada ya saa 6 na dakika 39. Fundi mitumbwi aliruka kutoka kwenye benchi. Nilishangilia na watu. Nieleze vipi uzito wa jambo hilo kwa mtu ambaye daima ameshangilia na wenzake?

Kesho yake alfajiri tuliona ya nne, Toronto wakashinda 6 kwa 2. Siku hiyo ilikuwa Oktoba 29, siku ya Uchaguzi Mkuu, na kabla haijaisha intaneti ilizimwa nchi nzima. Haikurudi hadi Novemba 3. Siku zile watu walikuwa wakitafuta habari za watoto na ndugu zao Dar es Salaam na kwingineko, na mchezo haukuwa na nafasi moyoni mwa mtu yeyote niliyemfahamu. Kijiwe hakikukaa. Mtandao uliporudi nilisoma kwanza jumbe za watu wangu, moja baada ya nyingine, na habari nyingine zilizokuwa zikiingia zilikuwa za misiba. Mechi tatu zilizobaki nilizisoma baadaye sana, kwa jedwali. Dodgers walitwaa ubingwa katika mechi ya saba, 5 kwa 4, raundi 11, na Yoshinobu Yamamoto ndiye aliyewamaliza Toronto. Nilimsimulia nahodha alipouliza, wiki zikiwa zimepita. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule Freeman ana watoto.

Wako wanaodhani mchezo huu hautakuwa wetu kamwe. Ninawaelekeza Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda kwenye fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Watoto wa Kanada waliokuwa wakutane nao wakapanda ndege kuja Kampala, Januari 2012, wakafungwa 2 kwa 1. Mwaka huohuo watoto wa Lugazi wakafika Williamsport na kuwafunga Wamarekani wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2022 Dodgers hawahawa wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani humu kucheza ligi kuu ya Marekani. Mara ya kwanza tu kushika rungu, alipiga akafika besi.

Bagamoyo tuna nini? Tuna mabinti wa Dunda wanaocheza rede jioni, mpira wa soksi na chupa ya mchanga, wenye mkono wa kurusha ambao kocha yeyote wa Upanga angesimama kuutazama. Tuna uwanja wa Mwanakalenge, na kutoka besi hadi besi ni mita 27.43 tu, pembe moja inatosha siku ambazo wa mpira wa miguu hawaitaki. Glovu hatuna, na tunazitafuta. Mpira wenyewe nilimpelekea picha fundi viatu wa stendi. Alikaa nayo muda mrefu, nikamwambia ndani ni uzi wa sufu uliozungushwa juu ya kiini, juu ni vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe, na mishono ni 108. Alisema kiini atachonga kwa soli ya ndala, uzi utapatikana, ngozi anayo. Kinachomsumbua ni hiyo mishono kukaa sawa pande zote mbili, na anataka kwanza kujaribu kwenye ngozi ya zamani kabla hajakata nzuri.