Fahamu: ERA5, hazina ya hali ya hewa isiyobebeka

ERA5 ni nini?
Ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima, saa kwa saa, tangu 1940. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, huiandaa kwa kuoanisha vipimo vya satelaiti, meli na vituo vya ardhini na modeli ya kompyuta.

Tatizo liko wapi?
Ni ya bure, ila ina ukubwa wa petabaiti kadhaa. Tena data hupangwa kwa saa: kusoma mvua ya Dodoma pekee kwa miaka 80 humaanisha kupitia faili za dunia nzima.

Nini kinabadilika?
Data hukatwa vipande kwa muundo wa kuhifadhi data kama Zarr, programu ikavuta kinachohitajika tu. Mwenye bando dogo ananufaika zaidi, mradi vipande vifuate mahali, si saa pekee.