Kriketi ya pedi mbili Mwanjelwa

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, Mbeya, mechi ya mpira haina muda mrefu. Ukifungwa unaachia pedi, anakaa mwingine, hela inahesabiwa. Ndiyo maana nilipoingia na diski ya Cricket 24, mwenye kibanda alinitazama kama mgeni aliyekuja na godoro.

Hofu yake ina msingi. Hata T20, kriketi ya haraka haraka, ina ova 20 kwa kila timu, na ova moja ni mipira sita. Yaani mipira 120 kabla wapinzani hawajashika gongo! Afadhali Big Ant Studios, watengenezaji wa Melbourne waliolitoa gemu hili mwaka 2023, wanakuruhusu kupunguza ova. Tukacheza tano tano.

Vijana walidhani kazi ni kupiga tu. Mtu anawahi kubonyeza, gongo linapiga hewa, vijiti chali, kibanda kizima kicheko. Wapigaji wanne walipokwisha kutolewa, mmoja wa vijana hao, fundi wa FIFA anayeogopwa mtaa mzima, akashtukia jambo: achana na mrushaji, angalia mpira unadundia wapi. Ukidundia karibu na miguu yako, songa mbele. Ukidundia mbali, rudi nyuma ujipe nafasi. Dakika ishirini, na kijana ambaye hajawahi kushika gongo la kweli alishaelewa kiini cha upigaji. Mwalimu gani angemfikisha hapo upesi hivyo?

Kihesa, Iringa, nilikoipeleka pia diski hiyo, sina mengi ya kusimulia: umeme ulikatika ova ya pili.

Kote kuwili niliulizwa, “Tanzania iko wapi?” Gemu lina akademi ya kuunda wachezaji, jezi na viwanja, basi Mbeya tukaiunda wenyewe. Wala hatukuwa tunaota. Kombe la Dunia la kriketi la kwanza la wanaume, Uingereza 1975, Watanzania walikuwemo katika kikosi cha Afrika Mashariki pamoja na Wakenya, Waganda na Wazambia. Walipoteza mechi zote tatu. Kenya peke yake ikafika nusu fainali mwaka 2003. Na Aprili 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo, la 2026, nchini Zimbabwe na Namibia.

Kibandani hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Walichojua ni kwamba Tanzania yao ya kwenye skrini ilitolewa yote kwa mikimbio 19.