Unene Hauondoki kwa Hasira

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mzigo ambao wengi wetu tunaubeba kila siku lakini hatupendi kuutaja, nao ni uzito wa miili yetu. Nasema "yetu" kwa sababu nami nimo. Mimi ni mzaliwa wa Ruangwa, mkoani Lindi, niliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha, na miongoni mwa vitu nilivyovipata mjini kimojawapo ni kitambi. Nimepambana nacho miaka kadhaa. Nikikipunguza, kinarudi. Basi nimeona heri tuulizane: kwa nini kupunguza unene ni kazi ngumu namna hii, na je, iko njia ya kula ambayo mtu anaweza kuishi nayo hadi uzeeni?

Kwanza tuone kwa nini jambo hili si la urembo tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Miaka kumi nyuma yake walikuwa 18 tu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2012, uliowapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari, na mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Zamani tuliyaita maradhi ya wakubwa. Leo nenda kliniki yoyote ya kisukari uone foleni: yumo mwalimu, yumo mama lishe, yumo dereva wa daladala, na yumo bibi aliyeletwa kutoka kijijini na wajukuu.

Mtu atajuaje kama uzito wake umezidi? Hesabu yake ni nyepesi. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu hilo uligawanye tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukipata 30 au zaidi, huo ni unene wa kuhatarisha afya. Mimi nina urefu wa mita 1.70. Nilipokuwa na kilo 94 nilipata 32 na nusu. Kipimo cha pili ni utepe wa fundi cherehani. Zungusha kiunoni. Mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke akizidi 80, ajue kwamba mafuta yamejikusanya tumboni, na hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Sasa tuje kwenye chanzo. Wako wataalamu waliowafuata watu wapatao mia mbili waliotoka vijijini katika Mkoa wa Morogoro kuhamia Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka kwao, wakawapima tena baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: katika mwaka mmoja tu wa kukaa mjini, wanaume kwa wanawake walikuwa wameongezeka wastani wa zaidi ya kilo 2. Angalieni vizuri. Si kwamba watu hawa walikuwa walafi. Ni kwamba jembe limewekwa chini, daladala limeshika nafasi ya miguu, na chakula kimebadilika. Kilo 2 kwa mwaka si kitu, suruali haisemi. Lakini zikijirudia miaka kumi ni kilo 20.

Historia nayo ina vichekesho vyake. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kufyeka misitu ya Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea, ili kulima karanga. Ruangwa wakati huo haikuwa wilaya. Ilikuja kumegwa kutoka Nachingwea katika miaka ya 1990. Shabaha ya mpango ule ilikuwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula, maana vita vilikuwa vimewaacha na uhaba mkubwa. Mpango ulishindwa vibaya na ukavunjwa mwaka 1951. Leo mambo yamegeuka. Mafuta ya kupikia yanatoka ng'ambo kuja kwetu, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hayo kina kalori zipatazo 120, yaani zaidi ya zile za ndizi mbivu moja. Karai la chipsi halipimi kwa kijiko.

Iko pia shida ya pili, nayo imo katika macho ya watu. Kwetu mtu akinenepa husifiwa kwamba maisha yamemkubali, na mke akinenepa sifa inakwenda kwa mume. Akikonda, wanaanza kuulizana pembeni. Tangu UKIMWI ulipoingia nchini katika miaka ya 1980, kukonda kumekuwa kama cheti cha ugonjwa. Nilipopungua kilo nne za mwanzo, jirani mmoja alimwita mke wangu kando akamwuliza kwa upole, "Shemeji anaendeleaje? Amepima?" Wako akina mama wengi ninaowafahamu walioacha kupunguza uzito, wala si kwa ajili ya njaa, bali kwa ajili ya maneno kama haya. Ndugu zangu, ulimi wetu nao ni sehemu ya matibabu. Ukimwona mtu amepungua kwa juhudi zake, mpe pole ya kazi na hongera yake.

Sasa tuingie ndani ya mwili wenyewe. Watu wengi hupunguza uzito kwa hasira. Mtu akishindwa kufunga kifungo, siku ya pili anakula matango na maji. Mwezi mmoja anapungua kweli, halafu uzito unarudi na nyongeza juu yake. Je, ni uzembe? La hasha. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kula nusu ya chakula chao kwa muda wa wiki 24, ili wataalamu wajue namna ya kuwahudumia watu walioteswa na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini pia walikuwa wakihisi baridi, wakawa wakali, na wakashinda wakiwaza chakula mchana na usiku. Wengine walikaa wakisoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na hawakushiba, na mafuta ya mwili yakarudi kupita yale ya mwanzo.

Mfano wa karibuni ni wa watu 14 walioshiriki katika mashindano ya televisheni ya kupunguza unene, huko huko Marekani. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Walipopimwa baada ya miaka sita, taarifa iliyotoka mwaka 2016 ilisema kwamba kilo 41 zilikuwa zimerudi. Ajabu zaidi, miili yao ilikuwa ikitumia kalori zipatazo 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Maana yake nini? Mwili haujui kwamba unataka kupendeza. Mwili unajua njaa. Ukiunyima ghafla, unadhani ni ule mwezi wa Januari hadi Machi kule kwetu, ghala tupu na mazao bado shambani. Basi unabana matumizi na kukusukuma utafute chakula.

Wengine husema dawa ni kukimbia tu. Hapa tunao mfano wetu wenyewe. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanaishi kwa kuwinda na kuchuma. Wanaume wao hutembea wastani wa kilometa 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Wataalamu waliwapima 30 kati yao, na mwaka 2012 wakatangaza jambo lililowashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa miili, Wahadzabe hawatumii kalori nyingi kwa siku kuliko wafanyakazi wa ofisini wa Ulaya na Marekani. Yaonekana mwili unaotumika sana hubana matumizi mahali pengine. Hii haina maana kwamba mazoezi hayafai. Yanaulinda moyo, yanashusha sukari, na yanasaidia uzito uliopungua usirudi. Lakini mtu asidhani atakwenda mbio nusu saa, kisha akanywe soda mbili na ngoma iwe sare.

Na dawa za barabarani je? Chai za kukondesha ambazo kazi yake ni kuharisha hutoa maji, mafuta yanabaki pale pale. Iko dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, na bado imekuwa ikikutwa imechanganywa kwa siri katika vidonge vya kukondesha duniani. Sindano mpya zinazoandikwa na madaktari zinafanya kazi kweli, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliozisimamisha walirudisha thuluthi mbili ya uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Kwa hiyo hata mwenye fedha za sindano anarudi kwenye swali lile lile: utakula nini maisha yako yote?

Jibu langu limeniongoza kurudi kwenye sahani ya Ruangwa. Sikusudii kusema kwamba kijijini ni peponi. Kule kuna watoto waliodumaa kwa kula uji mtupu wa muhogo, na njaa ya kiangazi haimpendezi mtu. Lakini mwaka ule ukiwa mwema, sahani ya kwetu ni hii: ugali wa mtama au wa dona, mbaazi au kunde, kisamvu kilichotiwa karanga zilizotwangwa, mlenda, na samaki mkavu kutoka pwani; msimu ukifika kuna embe na ming'oko ya kuchemsha. Chakula hicho kina nyuzinyuzi nyingi, kinatafunwa, kinakaa tumboni. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliporudi kwao Uingereza aliieleza dunia katika miaka ya 1970 kwamba vyakula vya namna hii viliwakinga Waafrika na maradhi mengi ya Wazungu.

Ushahidi wa karibuni umetoka Kilimanjaro. Vijana wa kiume 77 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025. Waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha Kizungu kwa wiki mbili. Waliozoea cha mjini wakapewa cha asili. Wale wa kwanza damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani unaoandamana na maradhi ya moyo na kisukari, na kinga zao zilidhoofika. Wale wa pili mambo yao yalikwenda kinyume, na sehemu ya faida hiyo ilionekana hata wiki nne baadaye. Hizo ni wiki mbili tu!

Basi tufanye nini sisi wa mjini? Mimi nimechukua mambo manne, nayo nayaeleza kama nilivyoyajaribu. La kwanza ni kinywaji. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, kama vijiko 9 vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi gramu 25 hivi kwa siku ikiwezekana. Nimebaki na maji, na chai ya sukari kijiko kimoja. La pili ni kuhama kutoka sembe kwenda dona. La tatu, mboga na maharage vijaze nusu ya sahani, ugali uwe kama ngumi mbili na si mlima. La nne, kukaanga kumekuwa kwa siku ya Ijumaa peke yake. Siku nyingine tunachemsha, tunaunga kwa karanga au nazi kidogo. Wala sijakataa pilau ya harusi. Chakula unachokikataa kabisa ndicho unachokiota usiku.

Matokeo yake si ya kupigiwa vigelegele. Katika miaka miwili nimetoka kilo 94 hadi 87, na bado kipimo kinaniweka juu kidogo ya 30. Lakini sikilizeni: utafiti mkubwa wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002, uliwahusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wakielekea kwenye kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza kupatwa na kisukari kwa asilimia 58, likalishinda hata kundi lililopewa vidonge. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kama kilo 6 na nusu. Zile saba zangu ambazo jirani aliziona ni ugonjwa, kumbe ndizo kinga.

Shabaha basi isiwe kurudi kuwa kijana wa miaka 20. Shabaha iwe sahani ambayo mtoto wako akiizoea leo hatalazimika kuikimbia akiwa na miaka 45. Watoto wetu hawakuiona Ruangwa ya mtama na mbaazi. Wanachokijua ni chipsi za kona. Tukiwafundisha kutamani kisamvu wangali wadogo, tutakuwa tumewaachia urithi usiohitaji hati wala mahakama.

Chagua jambo moja kati ya yale manne, ulianze kesho asubuhi, na usiongeze la pili mpaka la kwanza limekuwa mazoea.