SHAHADA ZA JUU NA NAFASI ZA KAZI SERIKALINI: UFAFANUZI

Kumekuwepo manung'uniko ya muda mrefu, Unguja na Pemba, kwamba vijana wenye shahada za uzamili, na hata za uzamivu, hukaa nyumbani miaka wakati wenzao wenye stashahada wanaajiriwa. Manung'uniko hayo si ya kupuuzwa. Mzee aliyeuza ng'ombe wake ili amsomeshe mwanawe anastahiki kuelezwa sababu.

Jambo la kufahamika kwanza ni kwamba Serikali hujaza nafasi iliyo wazi na iliyotengewa fungu la mshahara. Sifa za kila nafasi zimewekwa katika muundo wa utumishi wa kada husika, na Tume ya Utumishi Serikalini inapotangaza nafasi hiyo huzitaja sifa hizo tu. Nafasi ya Afisa kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza ya fani iliyotajwa. Ya Msaidizi hutaka stashahada. Shahada ya uzamili isiyotakiwa katika tangazo haimpi muombaji haki ya kutangulizwa, wala haizibi pengo la fani.

Hali hii haikuwepo zamani. Kabla ya mwaka 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mwaka huo vilianzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, na Chuo cha Elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Kisha Chuo Kikuu cha Taifa kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Wahitimu wakaongezeka kwa haraka, na nafasi hazikuongezeka kwa mwendo huo.

Wengi hudhani kwamba vyuo vikuu vitawapokea. Huko nako kuna kizuizi kisichojulikana vya kutosha: matangazo mengi ya kazi za uhadhiri nchini hutaka wastani wa alama 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika uzamili. Aliyepata 3.2 miaka kumi iliyopita hawezi kuifuta kwa shahada ya pili. Ni vyema jambo hili lizingatiwe kabla ya kulipa ada, si baada yake.

Waliosoma nje, iwe Sudan, Misri, India au Malaysia, wanahitaji shahada zao zitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wasingoje tangazo la kazi ndipo waanze kushughulikia, kwani muda wa kuomba ni mfupi. Vita vilivyozuka Khartoum mwezi Aprili 2023 viliwarejesha wanafunzi wetu kwa ghafla. Anayehitimu popote achukue cheti na orodha ya alama zake kabla ya kuondoka.

Wapo wanaoficha shahada ya juu ili waombe nafasi ya stashahada. Dhiki inayowasukuma inaeleweka. Lakini mwenye kuajiriwa hivyo hulipwa kwa nafasi aliyoiomba, na shahada aliyoificha haimbadilishii cheo.

Kwa watumishi waliomo kazini, kubadilishwa kada baada ya masomo hutegemea kuwepo kwa nafasi na fungu lake. Kabla ya kujiunga na chuo, mtumishi aonane na Afisa Utumishi wake, aulize kama fani anayoikusudia imo katika muundo wa taasisi yake.