Reakta Iliyozimwa Bado Yaomba Maji

Watu wengi hufikiri ya kuwa reakta ikiisha kuzimwa, hatari imekwisha. Sivyo. Mama akiipua chungu, makala ya mbabula hayapoi papo hapo. Uranyumu nayo, ikiisha kupasuka, huacha vitu vinavyozidi kutoa joto vyenyewe, wala hakuna awezaye kuvizuia. Mara tu baada ya kuzima, joto hilo lakaribia sehemu 6 kwa mia ya nguvu yote. Ni kidogo? Katika reakta kubwa latosha kuyeyusha vyuma. Ndiyo sababu huwekwa pompi za msaada, ili maji yakitoroka, mengine yaingie upesi, bila kungoja mtu.

Tutazame yaliyotokea Three Mile Island, katika Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, saa kumi za usiku. Pompi zinazolisha mitambo ya mvuke zilisimama, na reakta ikajizima yenyewe kwa sekunde chache. Juu ya tangi linalotunza msukumo wa maji, kilango kimoja kilifunguka ili kupunguza nguvu. Kilipasa kujifunga, kikakwama wazi, na maji ya reakta yakaanza kutoroka. Lakini katika chumba cha waendeshaji taa yake ilizimika, kana kwamba kimefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha amri ya kufunga tu, haikuonyesha kama kilango kimetii!

Baada ya dakika mbili hivi pompi za msaada zilianza zenyewe kuingiza maji, sawasawa na zilivyotengenezwa. Na hapa ndipo tunaposikitika: watu wakazipunguza. Kipimo cha lile tangi kilionyesha maji yakipanda, nao walikuwa wamefundishwa kuogopa sana lisijae kabisa. Maji yalikuwa yakisukumwa huko na mvuke, kuelekea tundu lililo wazi, wakati uranyumu chini ikikaukiwa. Kipimo cha kuonyesha maji yaliyobaki juu ya uranyumu yenyewe hakikuwako. Sisi hatuthubutu kuwaita wazembe. Twalaumu zaidi mafundisho waliyopewa, na ile taa.

Zilipita saa mbili na dakika 20 hivi, ndipo kilango kingine kilipofungwa kuzuia maji. Miaka ya nyuma yake, chombo kilipofunguliwa, ilionekana ya kuwa karibu nusu ya uranyumu ilikuwa imeyeyuka. Chombo chenyewe hakikutoboka. Reakta ile haikuwashwa tena, na nyingine za namna yake katika Marekani ziliongezewa vipimo vya kuonyesha kama uranyumu ingali imefunikwa na maji.