Vitufe Badala ya Kipanya: Kasi na Hadhari Katika Lahajedwali

Lahajedwali ni programu ya kompyuta inayopanga tarakimu katika seli, yaani visanduku vilivyo katika safu wima na safu mlalo. VisiCalc, lahajedwali ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliyotolewa mwaka 1979, haikuhitaji kipanya. Kibodi ya kompyuta ya Apple II ilikuwa na mishale miwili tu. Kitufe cha nafasi ndicho kilichogeuza mwendo uwe wa kando au wa juu na chini. Kutumia vitufe, basi, ni desturi iliyozaliwa pamoja na kazi yenyewe.

Je, kwa nini vitufe huokoa muda? Mwaka 1980 wataalamu Card, Moran na Newell wa Marekani walichapisha makadirio yafuatayo: mpigaji chapa stadi wa wastani hubonyeza kitufe kwa sekunde 0.2, kulenga kitu kwa kipanya huchukua sekunde 1.1, na kuhamisha mkono kutoka kibodi hadi kipanya, sekunde 0.4. Kwenda, kulenga na kurudi ni sekunde 1.9. Hata hivyo, faida hiyo humfikia yule tu aliyevizoea vitufe. Anayesita ili akumbuke huipoteza.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye alama za wanafunzi 400, kuanzia seli B2 hadi B401. Akitumia kipanya, hana budi kukiburuta mpaka chini. Katika Excel, akiwa B2, hushikilia Ctrl na Shift, kisha hubonyeza mshale wa chini mara moja. Safu yote huchaguliwa. Ctrl pamoja na Home humrudisha mwanzo, na F2 humwezesha kusahihisha seli.

Lakini ifahamike kwamba kompyuta hufuata kanuni, si nia ya mtu. Mruko huo hukomea kwenye seli ya mwisho kabla ya seli tupu. Ikiwa mwanafunzi wa 150 hakufanya mtihani na seli yake ikaachwa tupu, watachaguliwa wanafunzi 149 tu. Wastani utatolewa bila onyo lolote, nao utakuwa wa uongo.

Kuacha seli nje ya hesabu si kosa dogo. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba katika makala mashuhuri ya uchumi ya Reinhart na Rogoff, iliyotolewa mwaka 2010, fomula ya wastani iliziacha nchi 5 kati ya 20.

Kinga yake ni nyepesi. Asiyefanya mtihani aandikiwe herufi X: mruko utapita, na fomula ya wastani haitaihesabu herufi hiyo. Kisha itazamwe idadi ya seli zilizochaguliwa, ambayo huonyeshwa chini ya dirisha la programu. Isipokuwa 400, kazi irudiwe. Sekunde zilizookolewa na vitufe zatosha kabisa kwa uhakiki huo.